Kaunti haina jina la kuchafuliwa

Mhariri,

Kijana wa jirani yangu alipiga picha kioski cha maji cha mtaani kwetu, mfereji mkavu na kufuli limeshika kutu, akaiweka Facebook na maneno haya: "Kisima hakina maji, lakini kuna waliokunywa." Wiki mbili baadaye akaletewa barua yenye muhuri. Kaunti yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu kijana mwenyewe bado anaishi huku, inamtaka aifute picha na aombe radhi kwa "kuichafulia kaunti jina", la sivyo atajikuta mahakamani. Mamake alinijia usiku, barua ameikunja mara nne kama hirizi. Alinijia mimi kwa sababu nilifanya kazi masijala ya mahakama miaka mingi, na watu wa mtaani huamini karani mstaafu ni wakili wa bei nafuu.

Mimi si wakili. Ila faili nimezibeba, na nyingine nilizisoma wakati wa kunywa chai.

Suala la serikali ya mitaa kudai imechafuliwa jina lilikwisha kuamuliwa Uingereza mwaka 1993. Baraza la Derbyshire lililishtaki gazeti la The Sunday Times, ambalo mwaka 1989 lilihoji jinsi baraza hilo lilivyowekeza pesa za uzeeni za wafanyakazi wake. Kesi ikapanda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho kule wakati huo. Lord Keith na wenzake wakalifungia baraza mlango: chombo kilichochaguliwa na wananchi sharti kikosolewe bila kizuizi, na hofu tu ya kupelekwa kortini yatosha kuwafumba watu midomo. Miaka 70 kabla ya hapo, mwaka 1923, Mahakama ya Juu ya Illinois ilikuwa imeitupa kesi ya jiji la Chicago, lililotaka dola milioni 10 kutoka kwa gazeti la Chicago Tribune kwa kuandika kwamba jiji limefilisika. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu, najua. Lakini sheria yetu ya kashfa tuliirithi kwa Mwingereza, na hukumu za kule husomwa katika mahakama zetu kila uchao.

Na zetu wenyewe tunazo. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kilichoweza kumtia mtu jela miezi mitatu, au faini ya shilingi 50,000, kwa ujumbe wa kuudhi. Alisema maneno ya kifungu hicho ni mapana mno. Mwananchi hawezi kujua mapema ni lipi kosa na lipi si kosa. Februari 2017 Jaji John Mativo akasema kumfunga mtu kwa kashfa, chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kunakiuka Katiba. Aliyekashifiwa ana kesi ya madai, aende akadai fidia. Aprili mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita akakiondoa kifungu cha 132, kile cha kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Hicho cha 132 nilikijua vizuri. Jalada lake lilikuwa jembamba, ushahidi mara nyingi ukurasa mmoja, na bado mtu alilala rumande.

Kesi hizo tatu zililetwa na watu waliokuwa tayari wamefunguliwa mashtaka. Walisubiri pingu kwanza. Hapo ndipo nina ugomvi na mazoea yetu, kwa sababu Kifungu cha 22 cha Katiba hakimtaki mtu angoje hivyo: kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani uhuru wake ukikiukwa au ukitishiwa. Barua yenye muhuri ni tishio. Kifungu hichohicho kinasema hakuna ada ya kufungua shauri la namna hiyo, na kanuni zilizotungwa mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, au maneno ya mdomo, badala ya petisheni iliyopigwa chapa. Mtu akifika dirishani akaambiwa "rudi na wakili", aombe kwa upole aonane na naibu msajili. Nasema haya nikijua kwamba nami, siku nyingine foleni ikiwa ndefu, niliwaambia watu warudi na wakili.

Sitamdanganya mama huyu kwamba njia ni fupi. Kesi hutajwa, huahirishwa, jaji huhamishwa, faili "halionekani". Gharama nazo zipo hata ada isipokuwepo: nauli, nakala, siku ya kazi iliyopotea. Majaji mara nyingi huacha kila upande ubebe mzigo wake katika mashauri ya maslahi ya umma, lakini hawalazimiki. Tena kifungu cha 29 kilipozikwa, mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, iliyoweka adhabu ya hadi miaka 10 jela kwa kuchapisha uongo wa kumvunjia mtu heshima, na Februari 2020 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta. Mlango mmoja ukifungwa, wakubwa hutafuta dirisha.

Kijana naye nimemwambia ukweli wake. Gavana ni mtu, na mhandisi wa maji ni mtu. Angeandika kwamba fulani bin fulani ameiba kiasi fulani, bila karatasi mkononi, mtu huyo angekuwa na haki ya kumshtaki kwa jina lake na kwa pesa zake. Kifungu cha 33 cha Katiba, kinachotupa uhuru wa kujieleza, chenyewe kinadai tuheshimu sifa za wengine. Yeye hakumtaja mtu. Alitaja kisima. Kama kuna afisa aliyejiona katika neno "waliokunywa", basi huyo amejitaja mwenyewe, na wakili wa kumtetea asilipwe kwa kodi ya mama muuza maandazi.

Picha haijafutwa. Radhi haijaombwa. Juzi tulikaa barazani kwangu tukaijibu barua ile kwa mistari minne: kijana anaomba, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, nakala ya kandarasi ya kisima na stakabadhi za malipo yake. Sheria inawapa siku 21. Nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa, na mama ameikunja mara nne.

Karani mstaafu wa mahakama,
Pwani