Barua kwa vijana wa maskani: Bwana Afya na joho la umeya

Wanangu na wajukuu zangu wa maskani yetu hapa Ngamiani,

Assalamu alaikum. Na wale wa Tumsifu Yesu Kristo, salamu zenu nimezipokea pia.

Nimeiona fulana. Mjukuu wangu kaja nayo nyumbani jana magharibi, kaifunga kwenye gazeti kama mtu aliyebeba samaki. Mbele ina picha ya Bwana Afya, ofisa afya wetu aliyestaafu juzi, chini imeandikwa “Meya Wetu”. Nikamuuliza, mchezo umeanza lini? Kanijibu, “Babu, tunatangulia.” Basi na mimi nimeona nitangulie kuwaandikia, kabla hamjafika mbali.

Kwanza, katika ninyi nyote mnaokaa pale chini ya mwarobaini, hakuna hata mmoja atakayempigia mtu kura ya umeya. Meya wa Jiji la Tanga huchaguliwa na madiwani, wenyewe kwa wenyewe, ndani ya ukumbi. Ndivyo ilivyo kwa sheria ya mamlaka za miji tangu 1982. Kwa hiyo mtu wenu sharti kwanza awe diwani wa kata. Na kabla ya udiwani kuna chama, maana nchi hii mgombea binafsi hana njia. Na ndani ya chama kuna wajumbe wa kura za maoni, na wajumbe mnawajua walivyoimbwa mwaka 2020, kwamba si watu wazuri. Akivuka hapo, akishinda kata, ndipo aende akawaombe kura madiwani wa Pongwe, wa Tongoni, wa Chumbageni, watu ambao fulana yenu haiwahusu. Mmeanza kuezeka nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa.

Mtu mwenyewe simkatai, na asije mmoja wenu akasema mzee ana wivu. Namjua tangu anavaa kaptula. Alipoajiriwa afya alipewa baiskeli, na kwa baiskeli ile alipita uchochoro kwa uchochoro akifunua mapipa ya maji na kuchungulia vyoo. Mke wangu alikuwa akipika vitumbua vya kuuza. Asubuhi moja yule kijana, niliyemlisha kwa mkono huu, aliingia uani, akachungulia choo, akatuandikia ilani ya siku saba. Nilimnunia mwezi mzima. Choo nilikichimba. Na mwaka 2015, kipindupindu kilipotapakaa nchini, alizuia juisi za barabarani na matunda ya kukatwa, akaanza na meza ya shangazi yake. Shangazi alimlaani mbele ya watu. Yeye akasimama pale mpaka ndoo ikamwagwa, kisha jioni akampelekea unga na sukari.

Mtu wa namna hiyo ni haki mumpende. Ila sikilizeni kitu kinachonikosesha usingizi. Bwana Afya miaka yote alikuwa na ilani mkononi na sheria nyuma yake. Akisema funga, unafunga. Meya hana ilani. Wafanyakazi wa jiji wako chini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Meya anaongoza vikao, anashawishi, anabembeleza, anahesabu nani yuko naye na nani kanuna. Madiwani wakimchoka wanaweza kumng'oa kwa kura kabla ya miaka mitano yake. Je, mwenetu anajua kubembeleza? Mimi sijawahi kumwona akibembeleza mtu. Mwulizeni.

Halafu hizo ahadi mnazomgawia! Nimezisikia pale kwenye kahawa. Mmoja wenu kasema atatengeneza barabara zetu zote za namba. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwingine kasema maji hayatakatika. Maji ni Tanga UWASA, mamlaka ya maji, si ukumbi wa madiwani. Wa tatu, huyu nilicheka mpaka kahawa ikanipalia, kasema atawaingiza wote kazini Chongoleani, kwenye bomba la mafuta. Bomba lile linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, lina kampuni yake na wakubwa wake. Meya atawaingiza kwa mlango gani? Mnamtwika mtu mzigo ambao hata punda wa bandarini angelala chini. Siku ya kudai itakapofika mtamwita mwongo, na neno hilo hajawahi kuitwa tangu azaliwe.

Alichonacho meya ni kidogo, lakini kinawagusa kuliko Chongoleani. Anaongoza kamati ya fedha. Ushuru wa soko la Mgandini na leseni za biashara, hesabu zake zinapita hapo. Na kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo ni ya mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu fedha zilikuwa zikitoka na hazirudi, na vikundi vingine vilikuwa majina tu kwenye karatasi. Mwaka uliofuata ikaanza tena. Ninyi mnalo kundi? Lina katiba, lina akaunti? Mna fulana. Kwa fedha ya fulana zile mngeshasajili kundi, mkabaki na chenji.

Sasa nije penye kidonda. Fulana nani kalipa?

Nimeuliza, nimejibiwa. Kalipa yeye. Mtu kastaafu juzi, kiinua mgongo hakijakaa hata mwaka, nyumba yake ya Duga haijapigwa lipu, na tayari kuna fulana, kuna soda, kuna “mzee tutoe basi”, kuna wa kuuguliwa na wa kufiwa. Wengine mnakwenda kwake usiku, na mnajijua. Nilishaona haya, kwa mtu mwingine ambaye simtaji, na alikuwa rafiki yangu. Tulimla kabla ya uchaguzi, akauza kiwanja. Aliposhinda alikuwa na madeni kila mtaa. Vibanda vya soko vilipogawiwa, tukashangaa vimekwenda kwa waliomkopesha. Tukamwita mwizi. Mimi pia nilimwita, na soda yake nilikuwa nimekunywa.

Kwa hiyo nawaomba, na kwa umri wangu naweza pia kuamuru: msiende tena kwake usiku. Alhamisi baada ya Alasiri njooni barazani kwangu, naye nitamwita. Kahawa na kashata ni juu yangu. Aje na mkewe, maana kiinua mgongo kile ni cha wawili na yule mama hajaulizwa na mtu. Tumuulize anataka udiwani kwa lipi, na akikosa umeya atakaa kata kama diwani wa kawaida au atanuna. Mmoja wenu anayeandika vizuri aje na daftari.

Fulana nimemrudishia mjukuu. Hata hivyo ilikuwa inanibana tumboni.

Mimi babu yenu wa baraza la kona