Barua kwa mpwa wangu kuhusu mji ulionunua kanisa kwa bei ya paa

Mpwa wangu mpendwa,

Umeuliza mji mdogo kama Tewkesbury, kule Gloucestershire, Uingereza, ulibakije na kanisa lenye mnara wa mita 45, ilhali Evesham, mwendo wa kilomita 20 hivi, abasia yake, yaani nyumba kubwa ya watawa, imebaki mnara wa kengele na vipande vya kuta. Ukiambiwa watu wa Tewkesbury walikuwa na imani kubwa zaidi, usikubali upesi. Anzia kwenye paa.

Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alipofunga nyumba za watawa na kutwaa mali zao, alianza na ndogo. Sheria ya 1536 ilizikumba zenye mapato ya chini ya pauni 200 kwa mwaka. Kubwa zilitakiwa zijisalimishe moja moja kwa hiari, hiari ya mtu aliyekabwa koo. Tewkesbury ilisalimu amri tarehe 9 Januari 1540, na Evesham ikafuata mwezi huohuo.

Makamishna wa mfalme waliyagawa majengo ya Tewkesbury mafungu mawili. Nyumba ya abati (mkuu wa watawa), lango kuu, zizi la farasi, maghala: yaachwe. Kanisa, mabweni, veranda ya matao: hayahitajiki. Ghala hupangishika, kanisa nani atalipanga? Lakini juu ya kanisa kulikuwa na mabamba ya risasi, ile metali laini nzito yenye kuuzika, na mnarani kengele 8.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi katika abasia nyingi. Mafundi hupanda, hubandua risasi, huikunja na kuishusha. Tanuri huchimbwa papo hapo, wakati mwingine ndani ya kanisa lenyewe, na kuni ni viti vya kwaya na boriti za paa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, kwa hiyo moto wa mbao unatosha. Humiminwa kuwa mikuo na kugongwa alama ya mfalme. Kengele huvunjwa vipande, ziuzwe kama shaba.

Baada ya hapo hata nyundo haihitajiki sana. Ukuta wa namna ile una mawe ya kuchonga nje na ndani, katikati ni kokoto na chokaa tu. Paa likiondoka, mvua huingia katikati, maji huganda wakati wa baridi na kutanuka, mawe ya nje yakabanduka. Majirani humalizia kwa mikokoteni.

Sasa, watu wa Tewkesbury walikuwa wakisali upande wa magharibi wa kanisa hilohilo la watawa. Ndiyo parokia yao, hawana nyingine. Wakadai sehemu ile ni yao, na iliyobaki wakainunua kwa pauni 453, yaani thamani ya risasi na kengele. Mawe na matao hayakuhesabiwa kitu. Evesham walikuwa na All Saints na St Lawrence, makanisa mawili yaliyokwisha simama ubavuni mwa abasia. Nani angechangia la tatu?

Ukifika, zunguka kusini uone alama za veranda ya watawa ukutani, kisha mashariki, pale kikanisa cha Bikira Maria kilipobomolewa. Vile vijumba vya mbao vya Church Street vilikuwa vya watawa, vya kupangisha. Kwa wapangaji kilichobadilika ni mpokea kodi.

Ndani utaonyeshwa kaburi lenye sanamu ya maiti inayoliwa na wadudu, linaloitwa la John Wakeman, abati wa mwisho. Hayumo. Mwaka 1541 mfalme alimfanya askofu wa kwanza wa Gloucester.

Mjomba wako