Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: watoto wafundishwe hela kabla mashine za kamari za dubwi hazijawafundisha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Dar, upande wa Temeke, nafundisha hisabati. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wazazi na walimu wenzangu pia, na ningependa nao wasome wakuongezee ya kwao.

Ombi langu ni moja tu. Watoto wafundishwe namna ya kuishi na hela kuanzia darasa la kwanza, hela hii hii wanayoishika kila siku, ndani ya masomo waliyonayo tayari. Sitaki somo jipya mheshimiwa, tafadhali sana, watoto wana mizigo ya kutosha na sisi walimu ndo usiseme.

Najua mtaala ulioanza Januari 2024 umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima kuanzia kidato cha kwanza na nakupongeza kwa dhati kwa hilo. Ila mtoto anaweza kujua kuuza, akajua kuandika mauzo na kutafuta mtaji, na bado akaja kuishi kwenye madeni maisha yake yote, mtaani tunao wafanyabiashara wazuri tu ambao kila jioni faida yote inaishia kwenye marejesho. Halafu kidato cha kwanza kwa mambo haya ni mbali mno. Mtoto anakuwa na miaka kumi na mbili kumi na tatu hivi, ameshatumwa dukani mara hazihesabiki, ameshatumwa kwa wakala kutoa hela, namba ya siri ya mama anaijua, meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" ameshazisoma yeye kwa sababu ndo anayeshika simu nyumbani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Whitebread na Bingham, waliandika ripoti kwamba tabia nyingi za mtu kuhusu hela zinakuwa zimeshaanza kujijenga akifika miaka saba. Miaka saba ni darasa la kwanza hilo. Sisi tunasubiri mpaka sekondari.

Ngoja nikueleze kinachotokea mapumziko ya saa nne, maana hapa ndipo pa kuanzia. Nje ya geti kuna mama wa mihogo, kuna wa ubuyu, kuna wa barafu. Mtoto wa darasa la pili ana sarafu ya mia mbili, ananunua muhogo wa mia na ubuyu wa hamsini, anasubiri chenji yake hamsini. Anaambiwa hamsini hamna, chukua pipi. Anachukua pipi anaondoka, hakuiomba ile pipi na hakuulizwa, na kesho inakuwa hivyo hivyo. Simlaumu yule mama, sarafu ya hamsini kweli zinasumbua kupatikana na na yeye anatafuta riziki. Lakini mtoto pale amesomeshwa kitu kikubwa sana, kwamba hela yake ikibaki kidogo sio yake tena, mwenye kuamua ni mwingine.

Niliwauliza darasani, hamsini kila siku ya shule kwa wiki inakuwa shilingi ngapi, wakapiga, mia mbili hamsini. Kwa wiki nne? Elfu moja. Darasa zima likashtuka, sio utani, kuna binti alisimama kabisa akasema mwalimu hiyo ni hela ya daftari! Nikawaambia basi tafuteni njia wenyewe. Kesho yake wakaja na njia, wanakwenda wawili wawili, mia mbili na mia mbili ni mia nne, vitu vyao ni mia tatu, chenji inakuwa mia moja ambayo mama wa mihogo hawezi kuikosa. Shida ikaja nyingine, ile mia moja ni ya wawili na haigawanyiki, nani akae nayo? Mmoja anakaa nayo leo mwenzake kesho. Na je, wa leo akiitumia yote? Akiumwa asije shule? Ikabidi waandike nyuma ya daftari nani anamdai nani. Mheshimiwa, watoto wa darasa la pili walikuwa wanajifunza deni, kumbukumbu na uaminifu kwa mia moja, na hakuna mtu aliyewaletea kitabu. Baadhi yao waligombana, ndiyo, na kugombana kwenyewe kukawa kipindi kingine kizima.

Sasa linganisha na vitabu vya hisabati nilivyosomea mimi na nilivyokuja kufundishia kwa miaka, mada ya fedha ilikuwa na safu mbili, sh na st, mtoto anajumlisha senti mpaka zifike mia anabeba shilingi moja kuipeleka upande wa pili. Senti zenyewe hajawahi kuziona. Anapata vema zote anakwenda nyumbani hajui kwa nini elfu kumi ya mama imeisha Jumatano.

Naomba nifike kwenye dubwi. Sheria imekataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, hilo liko wazi, lakini zile mashine zipo nje ya maduka huko mtaani, zinakula sarafu ya mia mbili ambayo ndo hiyo hiyo ya muhogo, na sare za shule unaziona pale saa nane mchana. Kuwafukuza tumewafukuza na kuwachapa wamechapwa, wanarudi. Kilichonisaidia mimi darasani ni vizibo vya soda. Niliweka kwenye mfuko vizibo kumi, kimoja kina alama. Kila mtoto ana punje ishirini za maharage, ukitaka kuchomoa kizibo unalipa punje moja, ukitoa chenye alama unalipwa punje tano, kizibo kinarudi mfukoni. Mwanzoni kelele tupu, aliyepata tano anaruka juu. Baada ya muda wakaanza kuishiwa mmoja mmoja, na mfuko wa mwalimu umejaa maharage. Ndipo nikawauliza, ukichomoa mara kumi umelipa ngapi, na kwa kawaida utapata chenye alama mara ngapi? Mara moja. Umelipa kumi umepata tano. Wakanyamaza wanaiangalia ile hesabu ubaoni. Sidai kwamba wote waliacha, ila walau sasa wanajua ile mashine imetengenezwa kwa ajili ya nani, na hiyo haki ya kujua wanayo.

Wakubwa kidogo wa darasa la tano na la sita wanaweza kufika mbali zaidi. Wachukue ule upatu wa piramidi, watu wa umri wangu wanaikumbuka DECI ya 2009, watu walipanda mbegu wakiahidiwa kuvuna maradufu, wengine wakaacha huko hela za pembejeo. Mtoto anayejua kuzidisha kwa mbili anaweza kuuvunja mchezo ule ubaoni, kila mtu alete wawili, wawili walete wanne, wanne walete wanane, endelea tu, hatua ya 26 unahitaji watu 67,108,864 wakati sensa ya 2022 imetuhesabu Watanzania 61,741,120. Nchi nzima na vichanga vyake haitoshi kulipana. Hii ni hesabu ya kuzidisha tu mheshimiwa, ipo kwenye mtaala, kinachokosekana ni mtu kuipeleka inapouma.

Na mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kausha damu, je? Hawa watoto wanaijua kwa sura, wao ndo wanaotumwa mlangoni kusema mama hayupo. Chukua mfano wa kawaida wa mtaani, mkopo wa laki moja, marejesho elfu tano kila siku kwa siku 26. Elfu tano mara 26 ni laki moja na thelathini. Yaani riba ni elfu thelathini ndani ya mwezi usiotimia, na mara nyingi ile laki yenyewe hukupewa yote, wamekata ya fomu kwanza. Wakati huo ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki moja ni elfu tatu na mia tano. Weka elfu tatu na mia tano pembeni ya elfu thelathini ubaoni kisha uone nyuso za watoto. Kwenye simu nako ni vile vile, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila kibali. Tangazo lilikuwa zuri, lakini nani alimsomea mama wa mihogo? Mtoto wake angeweza kumsomea kama na yeye angekuwa amefundishwa maana yake.

Hapa lazima niseme na letu walimu hata kama litawakera wenzangu. Kuna walimu kadi zao za benki ziko kwa wakopeshaji, mshahara ukiingia mkopeshaji ndo wa kwanza kwenda kwenye mashine, anakata chake kisha anamrudishia mwalimu kilichobaki. Huyo mwalimu sio mzembe na sio mjinga, naye hakufundishwa na mtu, na mahitaji hayamsubiri. Kwa hiyo mafunzo yaanze na sisi, kwenye vyuo vya ualimu na kwenye mafunzo kazini, na yatuguse sisi wenyewe kwanza na mishahara yetu kabla hatujapewa chaki. Mwalimu aliyetoka kwenye deni atafundisha somo hili kwa moyo ambao hakuna kitabu kitampa.

Kuna tahadhari mbili naomba wataalamu wako wa Taasisi ya Elimu wazichukue kwa uzito. Ghana walifanya utafiti kwenye shule za serikali, Berry, Karlan na Pradhan, matokeo yakachapishwa 2018. Shule zingine zilifundisha hela peke yake, zingine zikachanganya hela na elimu ya jamii, haki za mtoto na kadhalika, na zote zikawa na klabu ya akiba na kisanduku chenye kufuli. Watoto waliweka akiba shuleni, ni kweli, ila sehemu kubwa ilikuwa ni akiba waliyoihamisha kutoka nyumbani. Na wale waliofundishwa hela tupu walionekana kufanya kazi za kipato zaidi kuliko watoto ambao hawakufundishwa kabisa. Wenyewe wanasema tofauti kati ya programu hizo mbili haikuwa kubwa ya kuthibitisha, sawa, lakini mimi kama mwalimu inanitosha kuogopa. Hatutaki mtoto atoke darasani akaache shule auze karanga. Ndo maana nasisitiza kuamua, kuhesabu, kukataa, kuweka kumbukumbu, kabla ya kumwambia habari ya kutafuta.

Ya pili, kuna watoto wanakuja shule hawana hata mia. Somo lolote litakalosema kila mtoto alete hela ya akiba Ijumaa litawaaibisha hao mbele ya wenzao na mzazi ataona ni mchango mwingine umerudi kwa mlango wa nyuma. Punje za maharage na vizibo vinatosha kabisa. Na katika hilo hilo naomba taasisi za fedha zisipewe madarasa yetu. Zikitaka kuchangia zichangie mafunzo ya walimu kupitia serikali, ila kitabu cha mtoto wa miaka saba kisiwe na nembo ya benki wala ya kampuni ya simu, maana anayekukopesha kesho hawezi kuwa ndiye anayekufundisha leo lini usikope.

Wenzangu watasema kisichotahiniwa hakifundishwi, na wana hoja. Basi dawa ipo, upimaji wa kitaifa wa darasa la nne upo kila mwaka, maswali machache ya hisabati yatungwe kwa maisha haya, chenji, marejesho, bei ya jumla na ya rejareja, makato ya kutuma na kutolea. Yakianza kuonekana kwenye mtihani yataonekana darasani, tunajuana. Kisha shule zenye shamba au bustani, na zipo nyingi tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea ya 1967, zibandike hesabu zake ukutani kwa lugha ya mtoto, mbegu shilingi ngapi, mahindi yaliuzwa shilingi ngapi, hela ilienda wapi. Vizazi vingi tumelima mashamba ya shule bila kuona hesabu hata siku moja.

Haraka yangu inatokana na kalenda mheshimiwa. Watoto walioanza la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka mmoja umepungua, kwa hiyo nafasi ya kuwaingizia mambo haya imebana. Naomba uiagize Taasisi ya Elimu iandae mwongozo mfupi wa mwalimu, kurasa arobaini zinatosha, ujaribiwe kwenye shule chache za mjini na za vijijini kabla ya kupelekwa nchi nzima, na walimu wa madarasa ya chini wawemo kwenye kuuandika. Nikiitwa nitakuja na mfuko wangu wa vizibo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa hisabati, Temeke