Kilwa Kisiwani: tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi

Mhariri,

Wageni wengi wa likizo hupangiwa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, kwa nusu siku: kuvuka saa nne asubuhi, kurudi kabla ya chakula cha mchana. Naomba nafasi nieleze kwa nini mpango huo unawanyima kisiwa chenyewe.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Anayefika saa nne siku hizo chombo chake kitakwama mbali na ufuko, ashuke atembee kwenye matope na mawe makali, ndala zikimnasa. Mwezi ukiwa nusu, maji hujaa asubuhi hiyohiyo, ingawa ni maji mafu, yaani hayapandi wala kushuka sana. Kila siku majira ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi siku za bamvua vukeni saa moja asubuhi, maji yangali mengi, na mrudi kuanzia saa nane yakipanda. Wakati wa upepo wa kusi msichelewe zaidi, maana alasiri mawimbi huwa makubwa.

Kibali cha kuzuru hutolewa Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo bara, wala si kisiwani. Kishughulikieni siku moja kabla, mchukue risiti na mwongoza wageni. Mkipatana na nahodha, litajeni gofu la Husuni Kubwa kwa jina. Bei ya kuishia Gerezani, ile ngome ya kale ya ufukoni, ni nyingine, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Kila mtu abebe maji lita 2, na kanga au nguo ya heshima, kwa kuwa njia inapita katikati ya kijiji cha Waislamu na makaburi bado yanaheshimiwa.

Msianze na Gereza kwa sababu tu liko karibu na ufuko. Anzeni Husuni Kubwa, jua halijawa kali. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane, na ngazi za kuteremkia baharini. Kisha rudini Msikiti Mkuu, msimame chini ya kuba na kuinua macho: kuba hizo ni matumbawe na chokaa, hakuna nondo wala saruji. Mawe ya kuchongea nakshi yalitolewa baharini yakiwa laini, yakachongwa yangali mabichi, yakakauka na kuwa magumu. Gusa kizingiti kilichochongwa na uangalie vitundu vyake vidogo vidogo. Ni mdudu wa baharini aliyevijenga.

Hapo ndipo haraka inapoharibu. Mwenye dakika 20 hupanda ukuta apate picha upesi. Chokaa ya juu ya ukuta ndiyo kofia yake. Ikibanduka kwa kiatu, mvua huingia ndani, mbegu ya mti huota kwenye ufa, na mzizi hupasua ukuta toka katikati. Kuziba kwa saruji huzidisha madhara, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka na chumvi hula jiwe la pembeni. Magofu haya yalikaa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Kazi iliyoyatoa huko ilikuwa kubwa mno kuipoteza kwa picha.

Waandaaji wa safari, nawasihi: andikeni saa za kupwa na kujaa kwenye ratiba mnazowapa wateja. Na ubao wa majira ya maji uwekwe pale kibali kinapolipiwa.

Vigae vya kauri vilivyotapakaa chini na sarafu ndogo za shaba ziacheni palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazilinda. Mtoto akiokota kitu, mwonesheni mwongozaji mahali hasa kilipokuwa, kirudishwe hapo hapo.

Msomaji,
Kilwa Masoko