Risala ya Klabu ya Wadudu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Meza uliyoikagua hivi punde ni ya mbawakawa wa familia ya Cerambycidae, wale wenye vipapasio virefu. Spishi zao zinazojulikana zinapita 30,000, kwa hiyo utuwie radhi tusipomtaja kila mmoja kwa jina.

Mheshimiwa, wengi hudhani urefu wa vipapasio unatosha kuwatambua. Hautoshi. Wapo wenye vipapasio vifupi, na hata ndani ya spishi moja vya dume huwa virefu kuliko vya jike. Sisi huanza na jicho, ambalo kwa wengi wao limebonyea kama figo na kuzunguka shina la kipapasio. Kisha tunahesabu pingili za wayo. Utaona nne, lakini zipo tano: ya nne ni ndogo mno, imejificha katikati ya ndewe mbili za pingili ya tatu. Hapo ndipo wanachama wapya hubishana sana!

Kazi hii si mchezo wa kukusanya tu. Mbawakawa mmoja wa familia hii, Anoplophora glabripennis, mwenye asili ya China na Korea, aligunduliwa New York mwaka 1996, na tangu hapo maelfu ya miti yamekatwa ili kumdhibiti, maana mabuu yake hutoboa miti iliyo hai. Nduguye, Anoplophora chinensis, ni mweusi mwenye madoa meupe vilevile. Ukitaka kuwatenganisha, tazama mwanzo wa mabawa magumu: chinensis ana vipele vidogo, mwenzake ni laini. Naye Monochamus scutellatus, mwenyeji wa misonobari ya Amerika Kaskazini, husingiziwa kuwa ndiye mvamizi glabripennis, ilhali ana kidoa cheupe pale mabawa yanapoanzia, ambapo mvamizi ni mweusi.

Mheshimiwa, alama hizo zinahitaji lenzi, nasi tunayo moja inayozunguka mikononi mwa klabu nzima. Isitoshe, masanduku yetu hayafungi vizuri. Wadudu wengine huingia na kula vielelezo, wakianza na vipapasio na miguu, yaani sehemu zilezile tunazozihitaji.

Tunaomba utusaidie kupata lenzi za mkono, darubini moja na masanduku yenye vifuniko vinavyobana.

Tunaomba kuwasilisha.