Kitambaa sijakikata

Moshi, 5 Septemba

Mwanangu Aika,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliupata juzi jioni umeme ukiwa umekatika, nikausoma pale pale kwenye cherehani. Vipimo ulivyotuma vya gauni la harusi yako nimeviona: kifua 38, kiuno 31, hipsi 42. Nikavisoma tena. Halafu nikavuta lile daftari la jalada jeusi, nikafungua ukurasa wako. Unao ukurasa wako tangu gauni la kipaimara, sijui kama unajua. Juu kabisa kiuno ni 26, mwaka ule ulikuwa kama fito. Chini kabisa nimeandika mwezi Juni, mlipokuja kwa ajili ya mahari: kifua 42, kiuno 37, hipsi 46.

Sasa hivi vya kwenye simu ni vya nani? Nimeshona miaka 31, sijawahi kushona gauni la mtu ambaye bado hajafika.

Mama yako alinieleza yote, maana kwake ulisema. Unataka kutoa kilo 15 kwa wiki 6. Usiku huli. Na kuna chai ya pakiti umeagiza kwa dada anayeuza kwa simu. Nikikupigia nitafoka, wewe utakata simu, mama yako ataninunia mimi. Ndiyo maana naandika.

Kupungua kwenyewe sina ugomvi nako. Presha ipo kwetu, bibi yako anayo na mimi ninayo. Una kilo 82, na madaktari wanasema hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito ikiondoka kwa mtu mnene, presha na sukari hupata nafuu. Kwako hizo ni kilo 4 hadi 8. Kwa hiyo nia ni njema, nami nitakusaidia. Ninachokikataa ni haraka, na hiyo pakiti.

Miaka kama sita iliyopita alikuja bibi harusi mmoja, mtoto wa watu, jina naliacha. Kiuno 35. Akaniambia, fundi, shona 31, nitafika. Na kweli kila akija kujaribisha, nabana. Nikafurahi naye, mjinga mimi. Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, amesimama juu ya kile kistuli changu, nami nimepiga magoti napima pindo. Naona kitambaa kinatikisika. Nikadhani upepo. Ilikuwa miguu yake. Mkono alioshika meza ulitetemeka kama wa ajuza, na pale shingoni mapigo ya moyo yanaonekana kwa macho. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, gauni limejaa pini.

Ilikuwa chai. Pakiti ya kijani, ina maandishi ambayo pale hospitali hakuna aliyeweza kuyasoma. Daktari akamwachisha siku hiyo hiyo na kumtundikia dripu. Basi maji yaliyotoka yakarudi mahali pake, na Jumamosi alfajiri zipu ikagoma kupanda. Nilifumua mgongo mzima kwa wembe, nikatoboa matundu, nikapitisha kamba, mama yake analia pembeni na gari la maharusi linapiga honi nje. Watu kanisani walisifu mtindo.

Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kulainisha choo. Kinachotoka ni maji, na pamoja nayo madini ambayo moyo unayahitaji upige sawasawa, hasa potasiamu. Mafuta yanabaki yalipokuwa. Nyingine ni mbaya zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramine, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini mpaka leo inakutwa imechanganywa kimyakimya kwenye chai na kahawa za kupunguza mwili, juu wameandika “asilia”. Pakiti isiyosema ndani kuna nini usiifungue. Kama umeshalipa, niambie ni shilingi ngapi, nitakurudishia mimi.

Ungenijibu kwamba basi utaacha chai, utafunga tu. Kufunga nako nakujua. Mwaka 2015 nilikuwa na kilo 96 na presha 160 kwa 100. Nikaambiwa nipungue, nikaamua kujionyesha mwanaume: hakuna kitu mdomoni mpaka jioni. Wiki ya kwanza kilo 3 zikaondoka, nikatamba kwa kila jirani. Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji kama gramu tatu. Usipokula, akiba inaisha, maji yanaondoka nayo, na mzani unakusifia bure.

Wiki ya pili, saa tisa alasiri, nashona kola ya shati. Macho yakaingia giza kidogo tu, kama mtu aliyepita mlangoni. Sindano ikashuka kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Cherehani ikakwama na mimi nikakwama nayo. Ilibidi nizungushe gurudumu taratibu kwa mkono wa kushoto, kinyumenyume, mpaka ikatoka. Unaikumbuka ile bandeji. Niliwaambia ni ajali ya kazi. Ilikuwa njaa.

Na kuna la nywele, ambalo niliona kwa wateja miaka mingi kabla sijalielewa. Mwili ukinyimwa chakula ghafla, nywele hazitoki siku hiyo. Zinasubiri miezi 2 au 3, ndipo zinaanza kubaki kwenye kitana. Hesabu mwenyewe: njaa ya Septemba, nywele za Desemba. Utapata kiuno, ukose pa kushikizia shela. Wanaopungua kwa kasi sana huweza kupata pia vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na maumivu yake, kwa nilivyosikia kwa waliougua, hayachagui siku.

Basi sikia hesabu niliyofundishwa na mtu wa lishe baada ya kidole kupona. Naipenda kwa sababu inafanana na hesabu ya kitambaa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700. Ukitaka nusu kilo kwa wiki, kwa siku unatakiwa kupunguza kama 550. Soda moja ya mililita 350 ni kalori zipatazo 150. Sukari yake ni karibu vijiko 9 vya chai, ambavyo usingethubutu kuvitia kwenye kikombe mbele ya mama yako. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Wewe, kwa ninavyokujua, unakunywa soda mchana na nyingine jioni. Ondoa zote mbili: 300. Punguza vijiko viwili vya mafuta katika unachokula kwa siku, maana mchuzi wako unaelea: 240. Jumla 540, na hujalala njaa. Mwili si daftari, najua. Kadiri unavyopungua, wenyewe unajifunza kubana matumizi, kwa hiyo kilo za mwisho zitavuta miguu. Mimi kilo 11 zilinichukua mwaka mzima na ushee.

Kutoka leo mpaka harusi, baada ya Krismasi, kuna wiki 16. Nusu kilo kwa wiki ni 8. Tuseme 6 au 7, kwa sababu kuna kitchen party na send-off katikati, na hapo sitakudanganya wala wewe usijidanganye: ndafu utakula. Kwa futi kamba yangu, hizo huwa ni inchi 2, pengine 3, kiunoni. Nakusubiri kwenye 34 au 35.

Hipsi zisahau. Hazishuki mpaka 42 kwa chai wala kwa mbio. Mwaka 1996 nilimshonea bibi yako gauni la jubilei, ukurasa wake upo: hipsi 46. Amekupa jina na hizo akakupa, na ana miaka 81 anapandisha mgongo wa Kibosho na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Kuhusu sahani sisemi mengi, umelelewa na mama yako. Nusu iwe mboga: mnafu, mchicha, figiri, chochote utakachokuta soko la Kilombero hapo Arusha. Robo maharage, dagaa, samaki au mayai, kwa sababu ukikosa hivyo mwili unakula na misuli yake wenyewe pamoja na mafuta. Robo iliyobaki ugali, wali au ndizi. Mtori usiuogope. Ogopa lile kopo la mafuta linalowekwa juu ya mtori.

Adui yako mkubwa hata hivyo ni kamati. Nimeona maharusi wengi wakinenepeshwa na vikao vya harusi yao wenyewe. Kila Jumapili baa, mishikaki, ndizi za kuchoma, chipsi, na soda ya pili inafika kabla ya kwanza haijaisha, eti bibi harusi asikae kwenye meza kavu. Kula nyumbani kabla hujatoka. Agiza maji. Kaa karibu na mtunza hazina; yule anahesabu ahadi za watu mpaka chakula kinapoa, na ukikaa naye utashikwa na aibu ya kutafuna.

Halafu miguu. Asubuhi unapanda daladala kutoka Njiro mpaka mjini kabisa. Shukia Impala, tembea mpaka Mnara wa Saa, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Dakika 25 hivi. Jioni rudi hivyo hivyo. Kwa siku tano ni zaidi ya dakika 200, wakati Shirika la Afya Duniani linaomba angalau 150 kwa wiki. Jasho la kuvaa nailoni na kukimbia juani ni maji tu, na ule mkanda wa tumbo unahamisha nyama, hauiondoi. Mimi navijua vitu vya kubana, ndiyo kazi yangu; ukivifungua kila kitu kinarudi.

Kuna hili la sindano za kupunguza uzito, nimesikia mabinti wakilizungumza hapa wakisubiri zamu. Ni dawa kweli, lakini ni za daktari, siyo za saluni. Na semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, inatakiwa iachwe angalau miezi 2 kabla ya mtu kubeba mimba. Hapo nasimama, mengine zungumza na mama yako. Ila kabla ya kuanza lolote nenda kapime presha na sukari, haichukui hata nusu saa. Mzani panda mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, na nguo nyepesi zile zile. Wanaojipima kila siku wanakonda moyo tu.

Najua pia neno lilipoanzia. Siku ya mahari nilikuwa nimekaa nyuma ya yule shangazi wa mwenzako aliposema bibi harusi “amejazia”. Nilisikia kama ulivyosikia, nikanyamaza kwa sababu ya wazee. Lakini mkwe alikuja kuposa akikuona ulivyo, na sikumsikia akiomba punguzo.

Sasa gauni. Lesi na satini nimeshanunua, zipo kwenye mfuko juu ya kabati, na sitazigusa. Mwezi Novemba nitakata kwanza la marikani, ulijaribishe, nilichoree chaki nitakavyo bila huruma. La kweli nitalikata wiki ya kwanza ya Desemba, kwa kiuno utakachokuja nacho siku hiyo. Ubavuni nitaacha akiba ya inchi moja na nusu kila upande, ndani ya bitana, haitaonekana. Na mgongoni sitaweka zipu. Nitaweka kamba, kama za yule binti, ila safari hii nitazipanga mapema na bila mtu wa kulia. Ukipungua tunavuta, ukijaa tunalegeza, unapumua, unakula, unacheza.

Njoo Jumamosi nikupime upya. Na uje na viatu vyenyewe utakavyovaa siku ile, siyo picha yake. Mwaka jana mtu alinipimisha pindo akiwa na ndala, halafu siku ya siku akapanda visigino, gauni likaishia juu ya vifundo kama la mtu anayevuka mto.

Mama yako anasema usisahau hotpoti yake.

Baba yako