Nani Alikutuma Uezeke Bati?

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mpendwa Mwaja,

Mbukwa! Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, pamoja na wote wa hapo nyumbani Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo, ila vumbi na joto la Novemba vinatufanya kama unavyovijua. Salamu nyingine nitazimalizia nikishapoa, kwa sababu madhumuni ya barua hii ni bati.

Umekaa kimya miezi saba. Hujaandika, hujapiga simu, hata kwenye msiba wa baba yake Chausiku pole yako tuliletewa na watu, halafu Jumanne iliyopita, nikiwa nimesimama kwa muuza mkaa, unanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Nimeezeka kibanda chetu bati la msauzi, rangi ya maruni, utanishukuru." Nilicheka peke yangu hadi muuza mkaa akadhani naicheka bei aliyonitajia. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha na hasira imeshika zamu, tena hasira ya ajabu, kwa maana ni ya mtu aliyeezuliwa nyumba ambayo haipo.

Haipo, lakini mimi na wewe tunajua ilivyojengwa. Ilijengwa kwa mawazo tu, kwenye foleni ya maji pale bwenini, kidato cha tatu, bomba moja na wasichana wasiohesabika, na kila foleni ilitupatia ukuta mmoja au dirisha. Wewe ndiye uliyechagua mahali: nyuma ya milima ya Chenene, ndani kabisa ya miombo, pasipofika gari, kwa hoja kwamba gari likifika na mwalimu wa zamu atafika. Mimi nilichagua aina ya nyumba, nikasema ni tembe, ile ya paa bapa la udongo. Ulibisha siku mbili nzima ukitaka ile nyumba ya magogo iliyokuwa kwenye kalenda ya matroni, yenye theluji juu ya paa. Nikakuuliza theluji tutaitoa wapi katika nchi inayopata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote ikishuka kati ya Desemba na Aprili. Na magogo tutayakata kwenye mti gani, mninga? Ukakumbuka yule mninga wa nyuma ya jiko la shule, ambao kila ukikatwa ulitoa utomvu mwekundu kama damu ya kuku, ukasema basi, iwe tembe. Ulikubali kwa mdomo wako, ukiwa umekalia ndoo yako ya bluu, na shahidi ni Chausiku.

Sasa niambie, tembe la bati ni tembe gani? Ukiondoa paa lake, kinachobaki ni kuta fupi tu kama za choo cha shule. Utembe wenyewe uko juu: zile nguzo za panda, boriti zilizolazwa juu yake, fito, majani, halafu udongo uliotandazwa na kushindiliwa hadi paa likawa sakafu ya pili ambayo mtu anaweza kuitembelea. Pale juu ndipo tulipokuwa tukianika mtama, ubuyu na majani ya mlenda, na ndipo tulipokuwa tukilala wakati wa joto, wewe upande wa magharibi na mimi upande wa mashariki, tukimsikiliza perere, yule mnyama mdogo wa mitini, akipiga kelele kama mtu anayenyongwa, nawe ukiapa kila usiku kwamba huyo si perere. Kwenye bati la msauzi tutalala vipi? Lina mteremko. Tutaamka asubuhi tukiwa tumelundikana chini kwenye mfereji.

Halafu kuna suala la usafirishaji, ambalo naona umelikwepa kwa makusudi. Kibanda chetu hakifikiwi na gari, hiyo ni kanuni ya kwanza na uliitunga wewe. Bodaboda pia tuliikataa mwaka ule uliposhindwa mtihani wa Fizikia ukataka kutoroka. Hata katika mambo ya kuwaza, Mwaja, bati haliji peke yake. Nani alilibeba kichwani kutoka barabarani, akapita nalo katikati ya miti, na upepo ule wa Septemba? Kama ulimpa kazi yule fisi wetu, ujue bado anadaiwa sufuria.

Na hilo la Septemba linanikumbusha kitu kilichoniuma zaidi. Ule ndio wakati miombo huchipua, kabla tone moja la mvua halijaanguka, na majani machanga hutoka yakiwa na wekundu wa shaba, laini kama ngozi ya kiganja cha mtoto, hadi mlima mzima unaonekana kama unawaka moto bila moshi. Mwaka huu nilipita barabara ya Kondoa kwa shughuli za ofisi, nikamwomba dereva asimame, nikachuma jani moja changa na kuliweka ndani ya daftari ili nikutumie. Limekauka na kupoteza rangi yote. Nilipanga kukuandikia kwamba paa letu la udongo, katikati ya wekundu ule, mtu asingeliona hata akiwa umbali wa hatua ishirini. Kumbe wewe wakati huohuo ulikuwa dukani, kichwani mwako, unachagua rangi ya maruni!

Ningeishia hapo nikiwa mshindi, lakini nakuandikia ukweli mtupu kama kawaida yetu. Jana nilikwenda Mvumi kumsalimia shangazi, nikiwa na nia ya kupata mtu wa kuniunga mkono, maana yeye alizaliwa ndani ya tembe, akaolewa ndani ya tembe. Nikamsimulia kisa chote, bila kumweleza kwamba nyumba yenyewe ni ya kuwazika. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipepeta uwele, kisha akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilipanda juu ya paa usiku, mvua ikinyesha, na karai la udongo kichwani, nikitafuta panapovuja. Nikanyamaza. Akaniuliza tena kama nimewahi kuwahamisha watoto kutoka kona moja kwenda nyingine hadi kona zikaisha. Nikazidi kunyamaza. Ndipo aliponionyesha kwa ungo nyumba yake mpya ya bati iliyo nyuma ya lile tembe la zamani, ambamo sasa analaza mbuzi, akasema, "Huyo rafiki yako ana akili. Mlete nimpikie." Na mlenda alionipa nilikula bila hamu.

Kwa hiyo hali yangu ni ngumu. Shangazi yuko upande wako, na mimi mwenyewe, kama utakavyosema, nakuandikia haya chini ya bati la chumba cha kupanga, tena bila dari, ambalo saa nane mchana ungeweza kukaangia yai. Lakini hapo ndipo penye hoja yangu! Bati ninalo tayari, nalilipia kodi kila mwezi. Sikuona sababu ya kulifuata lingine hadi Chenene.

Napendekeza tugawane. Nusu yako ya magharibi ibaki na maruni yake, na nusu yangu ya mashariki irudishiwe udongo, boriti na fito kama ilivyokuwa. Nimelichora jambo hili nyuma ya bahasha na tatizo moja tu limenishinda: maji yote ya bati lako yatamwagikia kwenye udongo wangu, na kufika Januari nitakuwa nalala kwenye tope. Itabidi uweke mfereji na pipa la kukingia. Nakumbuka tulivyoteseka kwa maji, pipa si wazo baya, ingawa sipendi kukiri kwamba bati limeleta faida.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa mstari mmoja. Ni nini kilikupata miezi hii saba hadi ukaanza kuezeka nyumba usiku? Je, kazi imekuwa ngumu, au ni yale mambo ya mwenye nyumba wako ambayo mara ya mwisho uliyaanza ukayakatisha? Au huko kunanyesha sana na umechoka kusikia mambo ya kuvuja? Treni ya SGR inaleta abiria hadi huku tangu mwaka 2024, kwa nini basi bado unanipa kisingizio cha basi? Unakuja Krismasi nimjulishe shangazi, au nisimwambie kitu? Udongo wa paa la zamani uliumwaga wapi? Na ule mtama niliokuwa nimeuanika kule juu, uliushusha kwanza?

Ni mimi,
mwenye nusu ya mashariki